Mama, Jicho la Sadiki Linang'aa

Mama yangu,

Naogopa. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azungukezunguke.

Umepata mjukuu, Sadiki, mtoto wangu wa kwanza. Siku ya akika yake hapa Bwera shemeji alimpiga picha kwa simu, na kwenye picha jicho la kushoto likatoka jeupe, linang'aa. Wageni wakapokezana simu, mikono yote mafuta ya mbuzi. "Mashallah, mutoto iko na nuru!" akasema jirani yetu wa kutoka Beni. Mama mkwe akafurahi, akaituma picha mpaka kwa ndugu zake kule Kinyamaseke. Mimi niliiweka chini sahani ya pilau. Uliniambia langu lilianza hivyohivyo, kabla hawajaliondoa wakanipa hili la bandia.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho kule Kasese, akampima, akanieleza polepole. Mwilini mna protini inayoitwa RB. Kazi yake ni kuzizuia jeni zinazoamrisha seli zigawanyike, kama afande wa pale mpakani Mpondwe: asipoinua kizuizi, lori halipiti. Ikikosekana, seli za jicho huzaana ovyo, ndiyo saratani. Jeni yangu inayoitengeneza protini hiyo ina kasoro, na nimemrithisha mwanangu. Daktari alisema si kosa langu. Najiambia hivyo nikikoroga uji, nikimwogesha mtoto. Haliniingii.

Anasema jicho hilo litolewe mapema, saratani isije ikapanda kichwani. La pili watakuwa wanalipima mara kwa mara. Lakini mama mkwe kagoma. "Wewe walikutoa jicho, sasa unataka na ya mujukuu wangu?" Anataka twende kwanza kwa mganga kule Nyakiyumbu. Mume wangu yuko safarini na lori, kwenye simu ananiambia nisubiri arudi. Nisubiri nini, Mama? Kila nikimnyonyesha nalitazama lile jicho, nahisi ule ugonjwa unapanda huku mimi nimekaa.

Nakumbuka watu walivyosema umeuza jicho langu. Ulicheka tu, ukaendelea kupanga samaki wako wa Hamukungu mezani: "Kama jicho ilikuwa na bei, leo niko na duka." Nilidhani huna woga. Sasa nadhani ulikuwa unatetemeka ndani kama mimi, ukanificha. Mbona hukuniambia? Ningejua kwamba mtu anaweza kuogopa hivi na bado akatembea.

Pumzika, Mama. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako. Kesho asubuhi nampeleka Sadiki hospitali, baba yake awe amerudi au hajarudi, bibi yake apende asipende. Nitakwenda natetemeka, lakini nitakwenda. Na siku tukirudi nitapita naye katikati ya soko la Bwera, na sitamfunika uso kwa kanga.

Binti yako,
Masika