Sikuugua, Shangazi, Niliacha Kazi

Makuyuni,
Korogwe, Tanga.
18 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Serafina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Njombe, na kwamba baridi ya msimu huu haijalisumbua sana lile goti lako. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, amemaliza kuvuna mahindi, ingawa nyani wamemlia sehemu ya kule bondeni. Ndugu yangu Erasto yupo Korogwe mjini na kazi yake ya kuchomelea, naye anakusalimu. Vipi mwanao Upendo na watoto wake? Nilisikia wa mwisho ameanza kutembea, nikafurahi sana.

Nimeamua kuandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikatisha. Siku hizi kila nikifungua mdomo unaanza kunipa pole. Kwa hiyo kaa chini, Shangazi, usome mpaka mwisho. Nina hasira na wewe. Nimetafuta neno jingine lenye heshima zaidi, nimelikosa.

Mwanzoni mwa mwezi huu alinipigia simu Bwana Dunstan, aliyekuwa mkuu wangu kwenye ile kampuni ya bima Dar es Salaam. Nilikuwa uani nafua mavazi ya kikundi chetu cha maigizo. Aliongea polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyeanguka.

"Loyce, pole sana. Shangazi yako alitueleza yote. Nafasi yako tumekuwekea. Ukipona, rudi."

"Nikipona nini, bosi?"

Nikasikia anafunga mlango upande wake. "Usione aibu," akasema. "Hata mdogo wangu aliwahi kuchanganyikiwa, na sasa ni mzima kabisa."

Ndivyo nilivyojua. Kumbe ulimpigia simu, ukajitambulisha kuwa wewe ni muuguzi, ukamwambia mtoto wa marehemu kaka yako ameharibikiwa akili, na kwamba ile barua yangu ya kuacha kazi wasiihesabu kwa kuwa niliiandika nikiwa mgonjwa. Mtu mwingine angesema hivyo wangemcheka. Wewe umevaa gauni jeupe maisha yako yote, Shangazi. Nani angekubishia?

Nilikaa pale karibu na beseni, na mambo yakaanza kujipanga yenyewe. Nikaelewa kwa nini tangu nirudi nyumbani mama ameficha kisu kikubwa, ninaambiwa nikate nyanya kwa kile kibutu. Kwa nini mafuta ya taa yamehamia chumbani kwake. Kwa nini nikienda bafuni anasimama nje anajifanya anafagia. Nilidhani ni uzee, au upweke tangu baba afariki. Nilikuwa namwonea huruma, kumbe yeye ndiye ananionea mimi. Nilimwambia mimi si mgonjwa; akaitikia kila neno, na kisu hakikurudi.

Na majirani! Mimi nilikuwa naenda shambani kufanya mazoezi ya sehemu yangu, kwa sababu ndani mama ana wageni. Katika mchezo wetu mimi ni mjane wa manamba, kibarua wa mkonge aliyekufa, na mnyapara anataka kumtoa kwenye nyumba ya kambi ya mkonge. Basi nasimama katikati ya mabua, napiga kelele: "Sitoki! Mkitaka kunitoa, nitoeni na mlango wake!" Mnyapara hayupo, nagombana na hewa. Watu wanapita na baiskeli, wananiangalia, wanakanyaga kwa kasi. Walikuwa wameshaambiwa na mtu anayejua magonjwa kwamba mimi mtoto wa Getruda nina kichaa. Mimi mwenyewe nikawa nawapa ushahidi kila asubuhi.

Sasa niambie, ni kitu gani kilikushinda kuelewa nilipokueleza mwanzo? Nilikueleza vizuri, bila kulia. Nilikuambia kazi yangu ilikuwa kuwapigia simu wafiwa na kuwaambia kwamba madai yao yamekataliwa. Nilichaguliwa kwa sababu nina sauti nzuri. Mkuu wa kitengo alikuwa akiwaambia wafanyakazi wapya, msikilizeni Loyce, akikukatalia utadhani amekukubalia. Nilikuambia kuhusu yule mama wa Handeni aliyesikia nimemaliza maneno yangu, akaniambia, asante mwanangu, Mungu akubariki, akakata simu akidhani amepata. Nilikuambia siku hiyo nilienda chooni nikashindwa kurudi kwenye kiti. Ukajibu kwamba kila kazi ina karaha zake na nisimuaibishe baba kaburini.

Mimi sauti hii ninayo tangu shule. Nilitaka niitumie kusema kitu ambacho mwenyewe nakiamini, mbele ya watu ninaowaona nyuso. Munira, niliyesoma naye, alikuwa na kikundi hapa Korogwe na Sadala ndiye mpiga ngoma wao. Nikaacha kazi nikajiunga nao. Hiyo ndiyo habari yote. Haina homa wala mapepo. Lakini wewe uliona afadhali niwe kichaa kuliko niwe mwigizaji. Kichaa angalau ni bahati mbaya, ukoo unapewa pole. Mwigizaji ungemweleza vipi kwa wenzako wa jumuiya?

Na jambo moja linanichoma kuliko yote. Hata ningekuwa mgonjwa kweli, ndivyo mgonjwa anavyotendewa? Aambiwe kila mtu isipokuwa yeye? Ungepanda basi ukaja. Ungenikalisha ukaniuliza, Loyce, unalala? Unakula? Hukuniuliza hata swali moja. Watu wa wodini kwako uliwauliza maswali yote hayo kwa miaka yote, mimi wa damu yako ukaninyima.

Maneno yako yametembea, Shangazi. Tulikuwa tumealikwa Dindira, tukaigize shuleni. Mwalimu mkuu akampigia Munira kwamba wazazi wana wasiwasi, hawataki watoto wakae karibu na mtu asiyetabirika. Alisema kwa adabu sana. Vijana wawili wa kikundi wamekatazwa na wazazi wao kuja mazoezini. Munira mwenyewe angeweza kunitoa na mambo yake yakamnyookea. Hakunitoa. Alisema, "Tutaigiza Makuyuni kwenu, mbele yao haohao. Wakikuona kichaa, waone vizuri."

Tukaigiza Jumamosi iliyopita, kiwanjani. Watu walijaa, na najua wengi hawakuja kuona mchezo. Mama alikaa mbele kabisa na khanga imekunjwa mapajani. Nilidhani ni ya kufutia jasho. Kumbe aliileta anifunike nikianza kuvua nguo mbele za watu. Mama yangu, Shangazi! Alikuja amejiandaa kunisitiri.

Nikatoka. Nikaanza kugombana na mnyapara, ambaye ni Sadala na kofia yake. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Jamani, mshikeni huyo, dawa zimeisha!" Watu wakacheka. Kwa mara ya kwanza nilijiuliza kama labda ningebaki tu kwenye kile kiti changu Dar es Salaam. Lakini mdomo ukaendelea wenyewe: "Sitoki! Mkitaka kunitoa, nitoeni na mlango wake!"

Nikamwona mama anainuka. Nilijua anakuja na khanga. Hakuja. Aliwageukia watu akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa wadogo: "Kumbe ni haya! Yale maneno ya shambani ni haya! Jamani, mwanangu alikuwa anajifunza!" Kisha akamtafuta kwa macho yule aliyepiga kelele. "Na wewe nyamaza, tunasikiliza."

Wakasikiliza. Pale mjane anapobeba sufuria na kukaa kizingitini, wazee waliokulia kambini walikuwa wamejifunika nyuso. Mmoja alinishika mkono baadaye, akaondoka tu.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani mama alilia, akaniambia yote. Kwamba wewe, wifi yake, ulimpigia, ukamwambia asinibishie na asiniulize kitu, aniangalie tu, kwa kuwa mgonjwa wa hivyo akiulizwa anaweza kujidhuru. Kwa hiyo kipindi chote hicho mama hakuniuliza. Alikuwa halali, anasikiliza pumzi zangu. Mwanamke wa umri ule, mwenye presha, na wewe unajua ana presha.

Tulipokaribia nyumbani alisimama akaniambia, "Umefanya vizuri. Ila pale unapolia, hapana. Mtu aliyefiwa na mumewe halii kwa kelele hivyo. Mimi sikulia hivyo." Akanionyesha, palepale barabarani, jinsi alivyokaa siku ile baba alipoondoka. Nimebadilisha. Sasa ndivyo ninavyoigiza.

Basi mama amejua, na Makuyuni wameona. Lakini Dindira hawakuwepo. Bwana Dunstan hakuwepo. Baba mkubwa Bonaventura na ukoo wote wa Handeni hawakuwepo. Nilimpigia tena Bwana Dunstan nikamwambia mimi ni mzima. Akanijibu, "Sawa, sawa, Loyce, pumzika." Ndipo nilipoona ulikoniweka, Shangazi. Kadiri ninavyosema sina ugonjwa ndivyo ninavyoonekana ninao. Nikitulia, wanasema dawa zimemwingia. Nikikasirika kama hivi, wanasema zimemtoka. Naweza kuongea mpaka sauti yangu nzuri ikauke, haitasaidia, kwa sababu aliyesema ni muuguzi, na mimi ni mgonjwa wake.

Kwa hiyo sikuombi uniombe msamaha, hilo ni lako na Mungu wako. Ninataka upige simu. Anza na mama, maana yeye ndiye uliyemnyima usingizi. Kisha mwalimu mkuu wa Dindira, namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Kisha baba mkubwa, naye atawaambia wengine. Mwisho Bwana Dunstan. Waambie ulisema uongo. Usiseme ulikosea kunipima, maana hukunipima. Sema ni uongo, kwa neno hilohilo.

Nisalimie sana Upendo na mumewe Deogratius, umbusu huyo mdogo anayeanza kutembea. Mama amesema nikusalimu, nami nimefikisha.

Mungu akulinde na akupe afya, goti lipone, na akutie nguvu ya kushika hiyo simu. Mimi nimefanya yote niliyoweza kwa mdomo wangu. Kilichobaki kinaweza kusemwa na mdomo wako tu.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda hata leo,

Loyce Ernesti