Ndege Nyekundu ya Mjomba Wilf

14 Mtaa wa Garnett,
Nelson, Lancashire.
9 Juni 2019

Mpendwa binamu yangu Hilary,

Habari za huko Hobart? Natumaini baridi yenu haijawa kali, na goti la Trevor limeanza kukubali ngazi. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, ingawa ameanza tena kugombana na jirani kuhusu paka. Mimi ni mzima wa mwili, ila nina hasira tangu jana mchana. Barua hii nimeiandika mara mbili nikaichana, kwa sababu kalamu ilikuwa inatoboa karatasi.

Nianze na lenyewe. Ndege nyekundu ya marehemu baba yako, ile ndogo ya anga za juu ya mchezo wetu wa vita vya mezani, uliyosema utakuja kuichukua Agosti, hatunayo. Iko kwenye kabati la watu wa Colne, na kwa desturi ya mechi yetu mshindi huchukua ndege kiongozi ya aliyeshindwa, kwa hiyo itakaa humo mpaka mechi ya mwakani. Najua katika nyumba nzima ya Mjomba hukuomba kitu kingine. Nimeona aibu hata kukupigia simu.

Utauliza kwa nini niliipeleka mezani. Kila timu lazima iwe na ndege kiongozi, na kwetu tangu enzi za Mjomba ni hiyo. Angeona nimeifungia kwenye pamba angenicheka. Na ningeirudisha salama kama si Clive.

Unamkumbuka Clive, yule fundi bomba aliyekuwa akimaliza biskuti za ukumbini peke yake. Sasa ndiye nahodha wetu, na hajui lolote kuhusu ndege ndogo za kasi. Ganda la kila moja ni jembamba kama la yai. Huziokoi kwa kuzikimbiza tu, unaziokoa kwa kutokuwepo pale mizinga ya adui inapoelekea. Mjomba alitufundisha hivyo tukiwa bado tunapiga magoti kwenye viti ili tuifikie meza: anza polepole, zunguka pembeni, mwache mwenzio ajitokeze, ndipo uchomoke umtokee mgongoni. Clive akaamuru zote nne ziende moja kwa moja katikati, kwa kasi ya mwisho. Nikamwambia huo ni ujinga. Akanijibu kwamba nahodha ni yeye. Chai yangu haijapoa, tatu zilikuwa zimeshaondolewa.

Ikabaki nyekundu, na hiyo nilikuwa naiongoza mimi. Niliitoa kwenye vurugu, nikaipenyeza katikati ya vimondo vilivyotandazwa mezani, nikaigeuza. Manowari yao kubwa haina mizinga nyuma, na huko nyuma ndiko nilikokuwa naelekea. Ilibaki kukata kona moja na mechi ni yetu. Nikapanga kona hiyo kwa siri kwenye kisahani chenye mishale, kama tunavyofanya kila zamu, nikakilaza mezani kifudifudi.

Hilary, ndege ilikuwa imenielekea mimi. Nilitaka iende kulia kwangu, nikapanga kulia, nikasahau kwamba kulia kwangu ni kushoto kwa rubani. Kisahani kilipofunuliwa, mshale uliipeleka nje ya meza, na ndege inayotoka mezani imekufa. Ni kosa la mtu wa siku ya kwanza, na mimi nina miaka hamsini na mbili.

Mzee Ormerod, nahodha wa Colne, akaniangalia kwa huruma. "Kigeuze, Des. Kila mtu hapa kaona ulikotaka kwenda. Siwezi kuichukua ndege ya Wilf namna hii."

Clive, nahodha wangu mwenyewe, akaingilia. "Hakigeuzwi. Kisahani kikishagusa meza, basi."

"We Clive, uko upande gani?"

"Wa sheria."

Niliyomwambia baada ya hapo hayaandikiki, maana najua mama mkwe wako husoma barua zako. Mzee Ormerod aliifunga ndege kwenye leso yake na kuondoka bila kuaga.

Nikaenda kwenye ile karatasi ya sheria iliyobandikwa ukutani juu ya birika, nimwonyeshe Clive kwamba amejitungia. Hakuna aisomaye siku hizi. Nikaisoma yote. Ya sita, kwa mwandiko wa baba yako, inasema: "Kisahani kikishagusa meza hakigeuzwi. Hata kama ni Hilary, na hata akilia."

Clive alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa anaijua siku zote, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi kuliko yote.

Nimeibandua karatasi hiyo. Clive akitaka sheria ukutani, aandike zake. Hii ya mkono wa baba yako ni yako, imo humu ndani ya bahasha, na Agosti njoo hivyo hivyo, twende Colne pamoja ukaione ndege kwenye kabati lao la kioo.

Nisalimie Trevor, dada Winifred na mama mkwe wako, ambaye bila shaka ameshasoma mpaka hapa. Mama anawaombea heri na afya. Mungu awatunze.

Ni mimi, ndugu yako nikupendaye, na hasira bado ninazo,

Desmond