Vibawa Vipya vya Ndege ya Daktari

Jumatano, Ng'ambo, Tabora

Daktari anasema sikukosea, lakini silali.

Jana ilifika simu kutoka stesheni ya Igalula: kijiji cha ndani, ambako mvua imekata barabara, kuna mama uzazi umemshinda. Kiwanja chao ni kifupi, na vibawa vya kushushwa nyuma ya mabawa, nilivyochonga ili ndege ipunguze mwendo na kutua mahali kama hapo, vilikuwa bado mezani kwangu. Bawaba ya kibawa cha kushoto ilikuwa inakwama. Niliifungua, nikaianza upya mpaka usiku, kisha nikavifunga vibawa kwenye ndege.

Leo alfajiri daktari akauliza, "Fundi Saidi, utapanda nami?"

"Kazi ni yangu, Bwana. Nitapanda." Mke wangu sikumwambia.

Juu ya kiwanja, daktari, ambaye huirusha ndege mwenyewe, aliposhusha vibawa, ndege ikapunguza mwendo mpaka nikadhani imesimama hewani. Mbao zikalia. Nikasoma shahada. Tukasimama hatua chache kabla ya shamba la mihogo.

Mama tumemleta Tabora yu hai. Mtoto tulimkuta ameshafariki.

"Bawaba ile ingekwama, tungekufa sote," daktari aliniambia.

Najua. Lakini yule mama aliniuliza kwa nini hatukuja jana.