Kibuyu cha Mama

Mutuka, Babati
28 Desemba

Dada yangu Xaveria,

Shikamoo. Natumaini Krismasi imewakuta wazima huko Songea, wewe, shemeji na watoto. Sisi hatujambo, ila mguu wa baba bado unavimba jioni, na nyumba bila mama imekuwa kubwa mno. Haya nimeshindwa kuyasema kwenye simu, ndiyo maana nayatuma pamoja na huo mzigo.

Nianze na wifi yetu Bernadeta. Sikufichi dada, tangu mazishi nilikuwa siwezi hata kumtazama. Kila anayekuja kutoa pole anamshukuru yeye. Bernadeta alimwogesha mama, Bernadeta alimlisha, kaka yenu Aniceti kaoa mke kweli kweli. Na mimi je? Mimi niliyenyonya ziwa la mama nilikuwa mjini nashona sare za watu, nakuja Jumapili na mkate na machungwa, jioni napanda bodaboda narudi. Hakuna aliyenisema. Lakini kila sifa ya wifi niliisikia kama tusi langu.

Kilichonimaliza ni kibuyu. Si unakijua, kile cha shingo ndefu alichokuwa mama akikifukiza kwa kijinga cha moto ili maziwa yanukie moshi, akatukataza hata kukigusa? Baba alitangaza kwamba mama kamwachia Bernadeta, na kwamba siku ya Krismasi waliotushika mkono msibani watashukuriwa kwa maziwa mgando ya kibuyu hicho, naye ndiye atakayemimina. Loo! Kwani mama hakuzaa mabinti?

Krismasi ikafika, baada ya ibada watu wakajaa uani. Bernadeta akamimina, akampa baba kwanza. Baba akaonja, akatema. Mzee Anselimu wa jirani akaweka kikombe chini, akauliza kama siku hizi maziwa yanagandishwa kwa sabuni. Bernadeta alikuwa na mafua, hakuwa amesikia harufu yoyote. Akainama, akasema kibuyu kilikuwa mikononi mwake, kwa hiyo kosa ni lake, wamsamehe. Wageni wakapewa soda. Shangazi Modesta hakukawia kusema kwamba vitu vya mama wangepewa mabinti. Muda wote nilitaka mtu aseme hivyo. Aliposema, nilisukuma sahani ya nyama pembeni.

Jioni Bernadeta akaniita jikoni. Nikajua nimeshikwa. Kumbe alikuwa ananipa vibuyu viwili vipya, ndani vyeusi kwa moshi. Akanieleza kwamba mama alipoishiwa nguvu alimwagiza atutayarishie mimi na wewe, kwa sababu Xaveria yuko mbali, na Domitila hana subira ya moshi. Amevifukiza miezi yote hii huku mimi namnunia.

Dada, ni mimi. Siku chache kabla ya Krismasi nilikiosha kibuyu cha mama kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikijua kabisa kwamba kibuyu hunyonya harufu. Nilitaka aaibike mbele ya watu. Sikufikiria kwamba nasugua moshi wa mama mwenyewe, wa miaka yote ile, na hakuna atakayeurudisha.

Jana niliwaita baba, Aniceti, shangazi na mzee Anselimu, nikalisema kosa langu mbele yao. Shangazi alisonya. Baba hajanisemesha mpaka sasa. Bernadeta alilia, akatoka nje. Hajasema amenisamehe, nami sijamharakisha. Ila asubuhi nimemkuta jikoni ameweka kijinga, na kibuyu cha mama pembeni, akaniashiria nikae. Moshi uliponiingia machoni akaniambia nisigeuze uso, mama hakuwa akigeuza.

Nisalimie shemeji na wanao. Huo mzigo ni kibuyu chako. Mpigie wifi umshukuru, mimi usinitaje, asidhani nimekutuma uniombee msamaha. Halafu kabla hujatia maziwa, kifungue ukinuse. Ni harufu ya mama, dada. Usikiguse kwa sabuni.

Mdogo wako,
Domitila