Ngazi ya Mkono wa Kushoto

Kwako mdogo wangu, uliyenyonya nami ziwa moja,

Salamu zangu zikukute umekaa, si umesimama, maana barua hii ni ndefu na magoti yako nayajua tangu utotoni. Hujambo? Shemeji hajambo? Na yule mwanao wa kwanza na wanawe, na kiduka chako cha sabuni na mafuta ya taa, vyote vizima? Mimi ni mzima kuliko watu wanavyotaka. Meno yamebaki saba lakini yanafanya kazi ya thelathini. Nilipofika huku kwa binti yangu alinipeleka kupimwa presha, daktari akasema moyo wangu ni wa mtu wa miaka arobaini. Nikamwambia apime tena, ni wa thelathini na tano.

Utashangaa kuona mwandiko. Ndiyo, hizi herufi zinazolala kama walevi ni zangu mwenyewe. Mjukuu alitaka kuniandikia nikamfukuza mezani. Binti yangu akasema nikupigie simu, dakika mbili habari imefika. Nikakataa. Mdomo wangu naujua. Ukipewa simu utajisifu mpaka salio liishe, na lile nililotaka kusema litabaki kooni. Kalamu kwangu ni nzito kama nyundo, haiwezi kukimbia. Leo ni siku ya tatu naandika.

Habari yenyewe ni hii. Binti yangu, kama ujuavyo, anapokea wageni katika hoteli moja hapa mjini. Mwaka huu amechaguliwa mfanyakazi bora, na usiniulize damu hiyo kaitoa wapi. Zawadi yake ilikuwa siku nzima ya kutembezwa mji huu wa pwani na mwongozaji wa watalii, gari la peke yake, dereva wa peke yake, na chakula cha mchana juu yao. Yeye hakupata nafasi, akanipa mimi. Nikamwambia hayo ni matusi. Mji huu nimeuchonga kwa mikono hii, milango yake naijua kwa bawaba, leo nikaonyeshwe na mtoto wa juzi? Akasema sawa baba, basi nitampa jirani. Nikavaa viatu.

Mwongozaji alikuwa binti mwembamba mwenye kofia pana na daftari dogo lililofungwa kwa mpira. Aliniita babu kwa heshima zote, akanifungulia mlango wa mbele, nikakaa kando ya dereva kama waziri. Tukaanzia kwenye ukuta wa bahari. Akasema ulijengwa miaka miwili. Nikamwambia mitatu, nilikuwepo. Tukaenda soko la samaki, akasema paa lile lilipandishwa na kampuni ya nje. Nikamwambia kampuni ilileta mabati tu, kenchi tulizipandisha sisi kwa kamba na mabega. Kwenye stesheni ya zamani ya reli nilimwambia ainame chini ya benchi aone alama yangu ya patasi. Akainama, maskini, kofia ikaanguka, asione kitu. Nikasema wamebadilisha benchi.

Kufika saa tano akafunga daftari lake akaniuliza, babu, hivi leo nani anamtembeza mwenzake? Dereva alicheka mpaka akakosa gia. Nikamjibu kwamba yeye anionyeshe vyoo vilipo, mengine aniachie. Lakini nilimpenda. Ana subira ya mtu anayepiga msasa.

Sasa vuta pumzi, mdogo wangu. Baada ya hapo gari likasimama mbele ya ule mnara wa ofisi ya bandari.

Mimi sikuomba kupelekwa pale. Tangu mwaka ule, nikiwa na shughuli upande huo, huwa napita barabara ya nyuma. Ofisi zilishahamishwa, siku hizi watu hukata tiketi mlangoni kuingia kutazama. Nikamwambia yule binti magoti yananiuma, nitasubiri garini. Akacheka. Akasema asubuhi nilimwambia magoti haya yanabeba kabati la milango mitatu. Amenifunga kwa kamba yangu mwenyewe. Nikashuka.

Ngazi yetu ipo. Vidato arobaini na vinne, na hakuna hata kimoja kinacholia. Mkono wa ngazi umekuwa mweusi na laini kwa viganja vya watu. Wageni wengine walikuwa ndani, kama kumi hivi, nao wakasogea kusikiliza. Yule binti akasimama kidato cha tatu akaanza kueleza. Ngazi zote za kuzunguka katika majengo ya zamani ya mji huu hupanda kwa kulia, akasema, hii peke yake hupanda kwa kushoto. Wataalamu wamekuja wakaipima. Inasemekana fundi wake alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, tena fundi jeuri, aliyeutazama mchoro wa injinia akaukataa kwa sababu alijua jambo ambalo injinia hakulijua. Halafu akatuambia tupande tukajionee.

Nikapanda. Kidato cha mwisho kinakutoa uso kwa uso na dirisha kubwa, na bahari yote inakujia kama mtu kafungua pazia kwa ghafla. Siku zetu, unakumbuka, dirisha lile lilikuwa limezibwa kwa mbao. Sisi pale tuliona giza na aibu tu. Mama mmoja mgeni akashika kifua. Mumewe akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Yule binti akasema kama ngazi ingepanda kwa kulia, mtu angetokea kwenye mlango wa ofisi asione ila meza ya karani.

Kisha akanigeukia kwa utani, watu wote wakisikia, akaniuliza, haya babu, wewe uliyejenga kila kitu, na hii nayo ni ya nani?

Nikasema ni yangu.

Wakapiga makofi. Wakasimama kando yangu mmoja mmoja kupiga picha, yule mama akanishika mkono akautazama kama kitu cha dukani. Binti akafungua daftari, akaandika jina langu lote na la baba yetu, akaniambia tangu kesho atawatajia wageni. Akaniuliza ni kweli mimi ni wa mkono wa kushoto? Nikamwambia nilikuwa, uzee umenihamishia kulia.

Makofi yalikuwa hayajaisha nilipokukumbuka wewe. Miaka arobaini na mitatu, kosa lile lilipokuwa aibu lilikuwa lako. Siku moja tu limegeuka sifa, na kabla sifa haijapoa likawa langu.

Nataka niandike jinsi unavyoisimulia wewe mwenyewe, maana hata watoto wetu wanaijua hivyo. Mimi nilikuwa fundi, wewe ulikuwa msomaji wa michoro na fundi vilevile, na injinia alikupenda. Barua ya kukupeleka chuo cha uchoraji wa majengo ilikuwa imeshaandikwa, bado sahihi tu. Mchoro wa ngazi ulikuwa kwenye ile karatasi nyembamba inayoonyesha mpaka nyuma, kama ganda la kitunguu. Ukaupigilia ubaoni kwa misumari minne, ukanisomea vipimo mpaka nikavishika kichwani, kisha zikaja habari kwamba mkeo ameshikwa na uchungu. Ukaondoka mbio. Ukakaa kwenu siku nane na mtoto wako wa kwanza.

Uliporudi nilikuwa nimefika kidato cha thelathini. Ukatazama ngazi, ukatazama ubao, uso ukakuisha damu. Herufi zote za mchoro zilikuwa zinatazama nyuma, karatasi ilikuwa imepigiliwa mgongo mbele. Ukasema kaka, nimekuangamiza, furaha ya mtoto ilinigeuza macho. Injinia alipouliza nani kaupigilia mchoro, ukajibu kabla hajamaliza, ni mimi bwana. Akatoa ile barua ya chuo mfukoni, akaichana mbele ya vibarua, akaamuru ngazi imaliziwe hivyo hivyo kwa kuwa mbao zilikuwa zimeshakatwa. Wewe ukafunga zana zako. Randa yako ukaniachia mimi, ukasema hutazigusa tena mbao. Hujazigusa. Umeuza sabuni.

Na jina likabaki. Nani alilianzisha? Mimi. Kwenye kila arusi, kila kikao cha ukoo, nilisimama nikasimulia habari za mdogo wangu Kinyume, msomaji aliyesoma nyumba kwa mgongo, na watu wakavunjika mbavu, nawe ukacheka pamoja nao huku ukitazama viatu vyako. Mwanao wakamwita mtoto aliyegeuza ngazi. Nilimsikia siku moja, akiwa na miaka kama tisa, anakuomba msamaha kwa kuzaliwa siku ile. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na kikombe cha chai mkononi. Nikakinywa chote.

Sasa sikiliza.

Wewe uliupigilia sawa.

Siku ya pili baada ya kuondoka kwako, kabla sijaweka hata kidato cha kwanza, mvua ilinyesha, paa lilikuwa bado lina matundu, na tone likaangukia ubao. Nikang'oa misumari, nikaipeleka karatasi juani ikauke, nikairudisha kwa mikono yangu. Misumari minne, matundu manne, yakakaa sawasawa bila kusukumwa. Nikajisifu moyoni kwa usafi wa kazi. Herufi zilikuwa zinatazama nyuma na mimi sikujua, kwa sababu, mdogo wangu, nilikuwa sijui kusoma hata herufi moja. Lile gazeti nililokuwa nalishika mchana wa mapumziko nilikuwa natazama picha. Ukiniuliza kuna habari gani nilikuwa nakujibu mambo ni yale yale, nawe ukaniamini. Ulipouliza ilikuwaje nisione herufi zimegeuka, nilikwambia mimi ni fundi, natazama mistari, herufi ni kazi yako. Hata uongo nilikuwa nauchonga vizuri.

Uliposema furaha imekugeuza macho, papo hapo nikalikumbuka tone la mvua. Usidhani nilikuja kulikumbuka baadaye. Nililiona wazi kama ninavyoiona karatasi hii. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba haraka haraka haina baraka. Nikakupa methali, mdogo wangu. Ulikuwa unazama, nami nikakupa methali.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka arobaini na mitatu, na ina ngazi.

Kusoma nilijifunza nikiwa na miaka sitini na saba, kwa kitabu cha darasa la kwanza cha mjukuu, nimejifungia stoo nikisingizia napanga mbao. Kwa hiyo sina hata udhuru wa kusema sikuwa na njia ya kukuandikia. Nimekuwa na njia kwa miaka kumi na moja.

Siku ile ya matembezi, tulipokuwa tumeshaingia garini, nilimwambia yule mwongozaji nataka kurudi ndani. Akadhani nimesahau kitu. Nilitaka kumwambia afute jina. Nikafika mlangoni, nikakutana na kundi lingine la wageni linaingia, na yule binti nyuma yangu, kwa moyo wake mwema, akawaambia huyu hapa fundi mwenyewe. Wakapiga makofi. Unajua nilifanya nini? Nilivua kofia nikaipunga. Chakula cha mchana kilipoletwa sikukigusa, na dereva akauliza kama babu ameshiba sifa. Alikuwa anatania. Nikamwambia ndiyo.

Daftari lile bado lina jina langu. Ningeweza kumtuma binti yangu akalifute, lakini naona ukweli uanzie kwa mwenyewe. Ngazi ile ni kosa langu na kazi yetu sote wawili, maana vipimo ulivisoma wewe, ndiyo sababu hailii. Ukikubali kuja, nitakutumia nauli, na mwongozaji amesema nirudi siku yoyote na ndugu yangu. Upande kwanza wewe. Mimi nitabaki chini, na utakalomwambia aandike ndilo litakaloandikwa, hata kama ni kuninyonga. Usipotaka kuja, sitauliza kwa nini.

Najua barua hii utaisoma mwenyewe, ndiwe msomaji. Lakini ukimaliza mpe mwanao wa kwanza naye aisome. Mwambie siku aliyozaliwa haikuharibu kitu cha mtu yeyote. Ilinyesha mvua siku ya pili yake, basi. Na kwenye arusi ya mwanawe mwezi ujao nitasimama kama kawaida yangu, watu watajiandaa kucheka, nami nitasimulia hii niliyoiandika hapa. Nimeshajizoesha mbele ya kioo mara nne. Mara zote nne nimejikuta nataka kuongeza kwamba ngazi hailii. Nivumilie.

Usinijibu haraka, na usinisamehe kwa sababu ya umri. Nina moyo wa miaka thelathini na tano, unaweza kusubiri.

Randa yako naifunga ndani ya gazeti, dereva wa basi ataileta pamoja na barua hii. Nimeinoa. Niamkie shemeji, wajukuu wabusu kila mmoja, na yule mkubwa wao mwambie babu yake aliye huku ameacha kujisifu, halafu msubiri mwone kama ataamini.

Lile jina nililokubebesha naliomba nirudishiwe. Ni saizi yangu tangu mwanzo.

Ni mimi kaka yako,
Kinyume