Zege la Madarasa Matatu

Jumapili, 9 Machi

Matangazo leo yamekuwa marefu kuliko mahubiri. Katibu alisoma kama mtu anayekimbizwa na mvua. Jumanne madarasa yote. Jumatano maombi. Alhamisi umoja wa akina mama, kila mmoja na kitambaa cheupe. Ijumaa mazoezi ya kwaya — juu, kwenye roshani mpya! Makofi. Jumamosi usafi, wanaume waje na ngazi. Jumapili kuweka wakfu roshani: Mchungaji Msimamizi anakuja mwenyewe, kwaya nne za sakiti, yaani za makanisa yote ya eneo letu, zitapanda pamoja, watu sitini. Na wapya watano watapokelewa kuwa washiriki kamili. Akasoma majina. Langu la tano. Miaka minne hapa wananiita Mgeni, sikuwahi kusikia jina langu humu ndani. Bibi mmoja wa benchi la mbele akageuka, akauliza kwa sauti huyo ni nani. Wakamwambia, si Mgeni huyo. Ah, akasema, si mngesema!

Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa natazama nyuma. Mirunda ya miti bado imesimama chini ya roshani, kumi na minne, inashikilia zege, na akina mama wenye wachanga wameketi katikati yake kama wako msituni. Tukitoka, Timazi akanishika mkono. Timazi ndiye fundi mkuu, ndiye anayenipa kazi, na ndiye kiongozi wa darasa langu. Kesho tunatoa mirunda yote, akasema. Nikamwambia fundi, ni siku kumi na tano tu tangu tumwage zege. Akasema, tangu lini beleshi likaufundisha mwiko? Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Ndiyo tabia yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Mirunda imetoka. Ule wa mwisho ulibana, Timazi akaupiga nyundo mara sita. Ulipoachia nikasikia kitu. Si kishindo. Kama mtu anayealisha vidole, tak. Timazi akasema ni mbao zinakauka.

Nikapanda ngazi. Pale katikati ya boriti kubwa, ile inayobeba roshani yote toka ukuta hadi ukuta — ufa. Ukucha unaingia. Na umenyooka, kama umepigwa rula. Ufa wa bahati mbaya haunyooki. Huu najua ulikotoka.

Siku ya kumwaga zege kila darasa lilitaka sehemu yake. Darasa la kwanza kushoto, la pili katikati, sisi wa tatu kulia. Wakaandika na namba zao kwa msumari kwenye zege bichi, ili wajukuu waone. Darasa la pili walipofika nusu ya boriti wakaweka ndoo chini. Yetu imekwisha! Wimbo. Sala. Chakula. Kisha picha, na mpiga picha alikuwa hajafika. Saa tatu nzima, jua la kukaanga. Zege haliambiwi ngoja. Tulipoanza sisi, la kwao lilishakuwa jiwe, na letu likaja kulilalia ubavuni tu, kama watu wawili waliogombana kwenye kitanda kimoja.

Nilijua. Miaka kumi na tisa nabeba zege, ningekosaje kujua? Ilitakiwa tulichokonoe lile la kwanza kwa sululu, tupake uji wa saruji, ndipo tuendelee. Nilisema? Nilisema Amina pamoja na wenzangu.

Timazi naye akapanda, akatazama, akashuka. Mkwaruzo huo, akasema. Piga lipu.

Nikapiga lipu. Kwa mkono huu huu. Ikapendeza.

Jumanne, 11 Machi

Nimejikata mguu kwa shoka langu mwenyewe. Niandike kama ilivyokuwa.

Kwetu sikukulia kanisa hili. Nilipokuja nikadhani darasa ni shule, nikaja na daftari, wakacheka mpaka basi. Kumbe ni watu wanane na kiongozi wao, kila Jumanne jioni, mlango umefungwa. Tunakutana kwa fundi cherehani, mama mmoja mkimya, kwenye chumba chake cha kazi. Leo majoho ya kwaya yalijaa kila mahali, mengine hayana mikono. Timazi anafungua kitabu chake kidogo, anamuuliza kila mtu kwa zamu: nafsi yako ikoje wiki hii? Na ni lazima useme kweli. Wengi wanasema naendelea kwa neema. Dereva wa lori akasema ametukana askari wa barabarani mara tatu. Tukaguna. Akasema, jamani, wiki iliyopita ilikuwa mara saba!

Ikafika kwangu.

Nikasema, nafsi yangu ni mbaya. Nikasema kuna ufa kwenye boriti, nimeupaka lipu nikijua, na Jumapili watu sitini watasimama juu na wachanga watalala chini. Sikupanga kusema. Niliulizwa tu. Nchi hii yote hakuna anayeniuliza kitu isipokuwa pale, Jumanne.

Mama fundi cherehani alikuwa akizungusha gurudumu la mashine taratibu kwa mkono. Akaacha.

Timazi hakukasirika. Akanishukuru kwa kufungua moyo. Akasema Shetani humvizia mtu mlangoni, akiona anakaribia kuingia. Halafu akafunga kitabu. Ndugu, mnaijua sheria yetu, linalosemwa darasani halitoki darasani. Anayelitoa hana darasa.

Wote wakasema Amina. Na mimi nikasema!

Nimetembea hadi nyumbani ndipo nikaelewa. Jana ningeenda kwa Mchungaji ningekuwa kibarua aliyeona ufa. Leo nikienda ni mtu aliyetoa siri ya darasa. Na asiye na darasa hapokelewi Jumapili. Mpumbavu mimi. Nimesema kweli, nimeisema kwenye chumba kisicho na dirisha.

Jumatano, 12 Machi

Timazi amenihamishia kazi nyingine, ng'ambo ya mji. Kupanga matofali. Matofali yenyewe yalikuwa yamepangwa.

Kabla ya kwenda nimepita kanisani alfajiri, mfagiaji akanifungulia. Lipu yangu imeshachanika, uzi mwembamba, pale pale. Nimechana ukurasa wa nyuma wa daftari hili, nikaubandika kwa gundi juu ya ufa, umeshika pande zote mbili. Fundi wa kwanza aliyenifundisha kazi alikuwa hana vipimo, alikuwa na karatasi. Karatasi ikikatika, alisema, nyumba inatembea. Ikibaki nzima, funga mdomo uende ukale.

Nimeomba ibaki. Sijawahi kuombea karatasi.

Alhamisi, 13 Machi

Nzima! Nimeipapasa kwa kidole, nzima kabisa. Nimeimba njia yote hadi kwenye matofali, wenzangu wakauliza kama nimeoa tena.

Jioni nikampigia mama watoto. Akasema leo sauti yako ina sukari, kuna nini. Nikamweleza yote. Yeye si wa darasa wala si wa mji huu, nikajiambia si kosa. Alisikiliza. Nyuma yake nilisikia mtoto wa mwisho anagombania kijiko.

Akaniuliza, hiyo karatasi imejaribiwa na watu wangapi?

Nikasema bado hawajapanda.

Akasema, baba watoto, mimi sijui zege. Lakini kama unataka kukaa na watu hao, kaa nao wakiwa hai.

Akaongeza kwamba ameshawaambia majirani kuhusu Jumapili. Watu wa kwetu wote wanajua kwamba huku nimepata watu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimetoroka kazini. Nilisema tumbo linauma.

Ilikuwa kwaya ya kwetu peke yake, watu kumi na wanane. Nikaketi chini, benchi la akina mama, macho juu. Mama Kwaya, kiongozi wao, anahesabu mapigo kwa kisigino. Du, du, du. Kila kisigino nilikisikia kwenye meno. Wimbo wa kwanza, karatasi ipo. Wimbo wa pili wakaanza kuyumba pamoja, kushoto, kulia, kushoto. Sikusikia kitu. Niliona tu nusu ya karatasi inaning'inia, na kati ya nusu mbili kuna weusi.

Nikasimama nikapiga kelele. Shukeni!

Mama Kwaya akachungulia. Mgeni, unatuombea au unatukemea?

Kicheko juu kule. Nikasema lipu inadondoka, nataka kurekebisha, samahanini. Wakashuka wananung'unika. Nusu kweli. Nusu nyingine sikuitoa.

Timazi alifika kwangu hata sijamaliza kula. Alikaa kwenye ndoo. Aliongea polepole, na hilo ndilo baya. Nilikutoa kituo cha basi na begi moja, akasema. Nikakupa beleshi, nikakupa darasa. Jumapili nitasimama mbele ya Msimamizi niseme, mtu huyu namjua. Usinifanye niseme simjui.

Nikamwambia, fundi, karatasi imekatika. Wewe unajua maana yake kuliko mimi.

Akainamisha kichwa. Akasema, nirudishe mirunda niwaambie nini? Kwamba madarasa matatu, na Mchungaji, na mimi mwenye miaka thelathini ya kazi, tumeharibu boriti kwa sababu ya wimbo na picha? Waliponda kokoto kwa mikono yao, Mgeni. Vizee. Baada ya Jumapili, kimyakimya, tutaikarabati. Siku moja tu ibebe.

Sijawahi kumwona Timazi anaogopa kitu kisichokuwa mbwa. Ningemchukia ingekuwa rahisi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimebeba mirunda minne begani toka nyuma ya vyoo hadi ndani. Akina mama wa umoja walikuwa wanatundika vitambaa vyeupe. We Mgeni, mmoja akasema, harusini unatuletea kuni? Nikasimamisha wa kwanza, nikagonga kabari. Wa pili. Wakaacha kucheka. Wakamwita Mchungaji.

Mchungaji ni kijana mpole, hawezi kumfukuza hata inzi. Akauliza nani amekutuma. Hakuna. Basi kwa nini? Nikasema, Mchungaji, panda ngazi, utazame mwenyewe. Hilo si la darasa, nilijiambia, hilo ni la ngazi. Akatazama ngazi. Akatazama suruali yake. Akamwita Timazi.

Na Timazi — mjanja! — akasema, Mchungaji, huyu ana hofu ya kesho. Alinieleza Jumanne darasani, kwa hiyo siwezi kusema zaidi.

Sheria ile ile. Mimi imenifunga mdomo, yeye imempa fimbo.

Mchungaji akaniwekea mkono begani, akaniombea. Sala nzuri. Nimefumba macho, nasikia vijana wanaing'oa mirunda yangu, wa kwanza na wa pili.

Kisha boriti wakaivisha. Kitambaa cheupe, mikunjo mizuri, kimefunika karatasi, lipu, ufa na yote. Mama fundi cherehani alikuwa pale anapinda upindo, uzi mdomoni. Alinitazama. Akarudi kwenye sindano. Pamoja na Timazi tuko tisa tunaojua, na ni kama hajui mtu.

Jumapili, 16 Machi

Saa moja na nusu asubuhi. Ibada saa tatu. Niko kwenye ngazi ya roshani, kidato cha tatu. Ngazi ni hii moja tu, nyembamba, niliijenga mimi. Anayetaka kupanda anipite mimi, na hapitiki. Sijamwambia mtu neno la darasani. Nimekaa tu. Kukaa si kusema.

Mfagiaji amekuja, ameniambia nipishe apige deki. Nimeinua miguu. Amepiga deki chini yake akaenda.

Saa mbili kasoro. Mama fundi cherehani na kijana wa mkokoteni wameshusha magunia mawili ya majoho, sitini yote, yamepigwa pasi. Ya kugawiwa juu. Alisimama mbele yangu akihema. Akatazama boriti na kitambaa chake. Kisha akaburuta gunia moja hadi kidato cha pili, akalikalia. Sogea, akasema. Basi. Nimesogea.

Saa mbili na nusu. Naandika ili nisiwatazame usoni. Kwaya zote nne zimejaa hadi mlangoni. Nyuma kabisa, chini ya roshani, akina mama wameanza kushika nafasi. Mmoja amemlaza mwanawe kwenye benchi, anambadilisha nepi. Timazi yuko hapa mbele yangu, suti nyeusi, viatu vinang'aa. Shuka, Mgeni. Amesema mara mbili. Mara ya pili amesema jina langu halisi. Nimekaa.

Mama Kwaya hakuniuliza mimi. Amenipita na macho kama kawaida ya watu wa hapa. Amemuuliza mwenzangu: mama, mbona umeyakalia majoho yetu?

Timazi anamtikisia kichwa, taratibu. Usiseme. Nje gari limesimama, mtu anapiga kelele Msimamizi amefika, Msimamizi amefika, na hakuna aliyegeuka. Mama fundi cherehani anavua viatu. Anaviweka pembeni, kimoja kando ya kingine, kama mtu aliyefika kwake. Amemtazama Timazi, siyo Mama Kwaya. Anasema, kiongozi, nisamehe, mimi darasa nitalitafuta lingine —