Macho ya Kipa

6 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za mgongo wako, nitoe hili moyoni, maana sijamwambia mtu yeyote: mpira ukipigwa kuja golini, mimi hufumba macho. Kofia ya kipa wa hoki ina wavu usoni, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Wanadhani mimi ni mzito tu.

Sasa, mgongo unaendeleaje? Huko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali bado mnabeba mashuka kwa mikono? Sisi wazima. Baba anauliza kama unakula.

Tangu nimalize shule sina pa kwenda ila uwanjani, na msimu mzima hatujashinda. Kocha, yule fundi bomba aliyewafundisha nyinyi, amesema tukifungwa mechi ya mwisho tunashuka daraja, na klabu haitaendelea na timu ya wasichana. Alisema huku akifunga gongo lililopasuka kwa utepe wa mabomba, hakututazama. Nahodha alilia. Nilitaka kusema kosa ni langu, nikashindwa. Ndiyo maana wananiita Bubu.

Picha yako bado iko ukutani kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Wewe ulipokuwa kipa ulikuwa unafanyaje?

Mwanao,
Bubu

19 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mzima? Hujajibu. Sijatulia, jana niliweka sufuria motoni bila maji. Mechi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kama nimekutia aibu, niambie tu, nimwachie mwingine glovu.

Mwanao

24 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo, ni zamu tu zilinibana. Aibu gani? Nilicheka mpaka msimamizi akauliza nina nini. Mpira ule ni mgumu kama jiwe, na mwili una akili zake.

Usipigane na macho, pigana na mdomo. Kipa ndiye anayeona uwanja wote. Wapange mabeki wako: nani aende kushoto, nani abaki na nani. Sema bila kukoma. Huwezi kumpanga mtu usiyemwona, kwa hiyo macho yatabaki wazi yenyewe. Najua wewe na maneno ni paka na maji. Anza na mtu mmoja.

Mwambie baba yako ninakula.

Shangazi yako

30 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Natumai zamu zimepungua. Hatujashuka!

Mwanzoni sauti haikutoka. Kisha winga wao akaja kwa pembeni, nahodha amempa mgongo, nikasikia mtu anafoka, "Nyuma yako, wewe!" Kumbe ni mimi. Nahodha ni mkubwa wangu, sijawahi kumsemesha bila kutanguliza "dada". Aligeuka kumtafuta mwenye adabu mbovu, akakutana na winga, akamnyang'anya mpira. Beki wa kulia akauliza, "Kumbe Bubu ana betri?"

Sikunyamaza tena. Kocha anadai niliwafokea hata waamuzi wote wawili. Si kweli, ni mmoja tu.

Mwishoni kabisa, bado hakuna goli, wakapata kona ya adhabu, ile tunayolinda goli watu watano tu. Niliwapanga wenzangu kwenye mstari wa goli mmoja mmoja. Mpira ukapigwa, ukanigonga begani, ukatoka nje. Filimbi. Sare, na sare ilitosha. Kocha alisema msimu ujao mazoezi yataanza mapema, halafu akageuka kujifuta uso kwa tambara lake la kazi. Wenzangu walinibeba. Wanasema hawajaona kipa mwenye macho makali kama yangu, na nahodha anataka picha yangu ibandikwe chini ya yako.

Ila ule mpira wa mwisho, Shangazi. Mechi nzima macho yalikuwa wazi. Ule mmoja nilifumba.

Msimu ujao nitautazama mpaka unifikie. Kwa sasa hili libaki kwako na kwangu. Ukipiga simu, hata Baba usimdokeze.

Mwanao